Chakula cha jadi ni kinga, lakini si kila mzizi ni dawa

Katika vyumba vya walimu kote nchini, chai ya saa nne inapoletwa, kuna mabishano mawili ambayo hayaishi. La kwanza ni la siasa, nami leo sitaligusa. La pili ni la chakula na dawa. Upande mmoja huketi wale wanaoshikilia kwamba babu zetu waliishi miaka mia kwa sababu walikula mtama na kunywa supu ya mizizi, na kwamba hospitali ndizo zilizotuletea magonjwa. Upande wa pili huketi wale wanaodhani kuwa kula managu ni dalili ya ufukara, na kwamba mtu aliyesoma hapaswi kuonekana akichemsha tangawizi ilhali maduka ya dawa yamejaa kila mtaa.

Nimeyasikiliza mabishano hayo kwa miaka mingi, na imenibainikia kuwa pande zote mbili zimeshika ukweli nusu nusu. Lingekuwa jambo la kuchekesha tu lau walimu wangebishana wao kwa wao. Walakini, mwalimu akitoka katika chumba hicho huingia darasani, na lile analolisifu au kulibeza mbele ya wanafunzi hubaki masikioni mwao hata baada ya kusahau kanuni zote za hesabu. Ndiyo maana nimeona inafaa tulipime suala hili kwa utulivu.

Tuanze na unga, kwa maana Mkenya asipokula ugali husema kwamba hajala. Punje ya mahindi ina sehemu tatu. Kuna ganda la nje, ambalo lina nyuzinyuzi. Kuna kiini kidogo kwenye ncha, ambacho ndicho chenye mafuta pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Sehemu kubwa inayosalia ni wanga mtupu. Mama anayepeleka debe lake la mahindi kwenye mashine ya kusagia sokoni hurudi na sehemu zote tatu. Kiwanda kikubwa, kwa upande mwingine, hukoboa ganda na kutoa kiini, kwa sababu mafuta yaliyomo katika kiini huufanya unga uchache upesi, nao mfanyabiashara anataka unga utakaokaa dukani kwa miezi. Tunabakishiwa unga mweupe kama pamba. Pumba nazo huuzwa ziwe chakula cha mifugo. Hivyo basi, yamkini ng'ombe wa kiwandani anakula sehemu bora ya hindi kuliko mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Serikali yenyewe ilitambua upungufu huo. Tangu mwaka 2012, sheria inawalazimu wasagaji wa unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti kuongeza vitamini na madini, yakiwemo madini ya chuma na zinki. Hiyo ni hatua njema ambayo haifai kubezwa. Hata hivyo, ni sawa na kumvua mtu shati, kisha kumrudishia vifungo. Nyuzinyuzi hazirudishwi, wala mafuta ya kiini hayarudishwi.

Kuku wa Batavia

Kuna kisa ambacho kila mwalimu wa sayansi angefaa kuwasimulia wanafunzi wake. Katika miaka ya 1880, Waholanzi waliokuwa wakiitawala Indonesia walisumbuliwa mno na ugonjwa uitwao beriberi, ambao uliwadhoofisha askari na wafungwa miguu, ukawapoozesha na hatimaye kuwaua. Daktari Christiaan Eijkman aliyekuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, alikuwa akitafuta kijidudu kinachouleta. Mwaka 1889 aliona kuku wa maabara yake wakianza kuyumba na kuanguka mfano wa wagonjwa wale. Baadaye, ghafla, kuku hao wakapona bila kutibiwa.

Eijkman alipouliza, aliambiwa kwamba kwa miezi kadhaa kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa katakata wali wa wanajeshi kupewa kuku wa raia. Kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa vizuri, nao wakasimama. Eijkman mwenyewe hakuielewa maana yake mara moja, kwani alidhani wali mweupe una sumu. Ni mwenzake, Gerrit Grijns, aliyeeleza mwaka 1901 kwamba ndani ya ngozi ya punje mna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho, na kwamba kinu kilikuwa kikikitupa. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo vitamini B1. Eijkman alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Funzo la kisa hiki ni kwamba maradhi hayaletwi na kile kinachoingia mwilini tu. Huletwa vilevile na kile kilichoondolewa katika chakula kabla hakijatufikia mezani.

Afrika Mashariki yetu ina ushahidi wake. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takribani miaka 30 kuanzia mwaka 1929, alishangazwa na uchache wa magonjwa fulani miongoni mwa Waafrika aliowatibu. Mwaka 1956 alichapisha habari za mgonjwa mmoja Mwafrika aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Jambo hilo lilikuwa nadra kiasi cha kuandikiwa makala katika jarida la kitabibu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona vivyo hivyo kuhusu magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyokuwa yakijaza hospitali za Uingereza. Katika miaka ya 1970 wawili hao walisema kwa nguvu kwamba siri mojawapo ilikuwa nyuzinyuzi katika vyakula visivyokobolewa. Wataalamu waliofuata wamesahihisha baadhi ya maelezo yao, na ni kweli kwamba wengi wakati huo hawakufika umri ambao magonjwa hayo hujitokeza. Walakini, kiini cha hoja yao kimesimama. Leo, ni nani kati yetu asiye na jirani mwenye kisukari au shinikizo la damu?

Mboga zilizodharauliwa

Nikija kwa mboga, hapo ndipo aibu yetu ilipo. Nchi hii imejaliwa managu, ambayo watu wa pwani huita mnavu. Tuna saga, yaani mgagani, ambayo Wakisii huipika kwa ustadi usio na kifani. Tuna mrenda, mitoo, terere, kunde, majani ya maboga, kisamvu na mchunga. Kwa miaka mingi mboga hizi zilisemwa kuwa za maskini na za wazee, na mara nyingine ziliitwa magugu na kung'olewa shambani ili kupisha kabichi. Mtoto aliyezileta shuleni ndani ya mkebe wake alichekwa na wenzake, na wakati mwingine, nasema haya kwa masikitiko, na mwalimu pia.

Shukrani ziwaendee wasomi wachache waliokataa kuuchangia ujinga huo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alizifanyia mboga hizi utafiti kwa miongo kadhaa wakati ambapo watu wengi hawakuona maana yake. Ameonyesha jinsi zilivyo na utajiri wa vitamini na madini, na jinsi nyingi zinavyoweza kuchumwa majuma machache tu baada ya kupandwa. Patrick Maundu wa Makavazi ya Kitaifa alishirikiana na wenzake kuandaa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula ya Kenya, kilichotoka mwaka 1999. Mnamo mwaka 2021, shirika la UNESCO liliiingiza juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya jadi katika orodha yake ya mifano bora ya kuigwa. Kwa hiyo, dunia inatusifu kwa kile ambacho baadhi ya shule zetu bado zinakionea haya.

Nafaka nazo zina hadithi hiyo hiyo. Gramu 100 za wimbi zina takribani miligramu 340 za kalisi, madini yanayojenga mifupa na meno, ilhali mahindi yana kiasi kidogo sana. Uji wa wimbi, basi, si chakula cha mama mzazi na mtoto mchanga pekee. Nao mseto wa mahindi na maharagwe, yaani githeri ambayo wanafunzi wa bweni huitungia mizaha kila muhula, ni chakula ambacho mtaalamu yeyote wa lishe angekipongeza. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huujaza, na ile ya maharagwe ina upungufu ambao mahindi huujaza. Waliobuni githeri hawakujua kemia, lakini walijua kula.

Hata hivyo, naomba tusije tukaanguka upande wa pili wa daraja. Si kila kilicho cha jadi ni kizima, wala si kila kizima ni cha jadi. Muthokoi ya Wakamba, ambayo ni tamu mno, ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika. Mwarobaini tunaojivunia kuwa dawa yetu, hata tukaupa jina la kutibu maradhi arubaini, ulitoka bara la Asia. Ubora wa chakula haupimwi kwa kabila lake. Hupimwa kwa kile kilichomo ndani yake na jinsi kilivyotayarishwa.

Neno 'asili' lisitulaghai

Baada ya kuyasema hayo, sina budi kuugeukia upande wa wale wanaoamini kwamba chochote kilichotoka ardhini hakidhuru. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa sababu ya sumukuvu. Hawakula kemikali za kiwandani. Walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hata yakaota kuvu, na kuvu lile, ambalo ni kiumbe cha asili kabisa, likatoa sumu iliyoharibu maini yao. Mahindi hayo yalikuwa mazima, yamelimwa nyumbani, wala hayakuwa yamepita kiwandani.

Wazee wetu waliijua hatari ya namna hii. Mhogo mchungu una sumu, ndiyo maana waliumenya, wakauloweka na kuuanika kabla ya kuusaga. Kisamvu hutwangwa na kuchemshwa sana. Matunda mabichi ya mnavu hayaliwi. Hivi si vyakula vilivyookotwa na kutiwa kinywani. Ni elimu iliyopitishwa kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu, na elimu hiyo ikikatika katikati, mboga inabaki lakini usalama wake unapotea. Anayesema kwamba wahenga walikula tu vitu vya asili anawatukana, maana anawanyima sifa ya maarifa yao.

Katika dawa jambo hili ni zito zaidi. Nianze na yale yaliyothibitishwa. Asali kijiko kimoja humpunguzia mtoto kikohozi, na madaktari wa Uingereza wenyewe huielekeza. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe kamwe, kwa sababu yaweza kumletea sumu ya hatari. Tangawizi hutuliza kichefuchefu. Maji yenye sukari na chumvi yameokoa watoto wengi kuliko dawa nyingi za bei ghali. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundikia wagonjwa wa kipindupindu katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, nchini India. Aliwapa wagonjwa mchanganyiko wa sukari, chumvi na magadi wanywe kwa kikombe, na vifo vikapungua kutoka takribani wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Nyumbani, mtoto akiharisha na pakiti ya zahanati haipo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, umnyweshe huku ukimpeleka kwa mganga.

Mimea nayo ni mama wa dawa nyingi. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Mchina Tu Youyou alisoma kitabu cha kale cha tiba, akaona humo habari za mmea wa artemisia, na mwaka 1971 yeye na wenzake wakapata kiini kilichoua vijidudu vya malaria. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na vidonge vya malaria tunavyopewa leo katika zahanati zetu vinatokana na kazi hiyo. Lakini tazama alichokifanya. Hakukoka moto akachemsha majani na kutangaza kwamba amepata tiba. Alikitenga kiini, akakijaribu kwa wanyama, akakijaribu mwilini mwake mwenyewe, kisha akapima kiasi kinachotosha. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika tamko lake la mwaka 2019, halikubali watu wajitibu malaria kwa chai ya mmea huo huo: kiasi cha dawa ndani ya majani hubadilika, na dawa kidogo mno humwacha mgonjwa na vijidudu vilivyojifunza kuishinda.

Sasa linganisha hayo na mambo ya Loliondo. Mwaka 2011, maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, wakapanga foleni za magari zilizoenea kwa kilomita nyingi, ili wanywe kikombe cha dawa ya mizizi kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Bei ilikuwa shilingi 500 za Tanzania, kwa hiyo sisemi kwamba mzee huyo, ambaye aliaga dunia mwaka 2021, alikuwa na tamaa ya mali. Nasema tu kwamba hakuna uthibitisho wa kitabibu uliopatikana kwamba kikombe kile kiliponya Ukimwi au kisukari, na kwamba wako wagonjwa waliofia safarini na wako walioacha dawa zao wakiamini wamepona.

Nisingeyataja haya ya Loliondo lau yangekuwa mbali nami. Mwalimu mwenzangu, mtu msomi aliyefundisha vizazi vingi, alikuwa na kisukari alichokidhibiti vyema kwa vidonge. Siku moja, akiwa katika basi, aliuziwa unga wa mizizi na kijana aliyesimama katikati ya viti na kutaja maradhi ishirini kwa pumzi moja. Aliambiwa aache vidonge ili dawa ya asili ipate nafasi ya kufanya kazi. Aliviacha kwa miezi mitano. Kidonda kidogo cha kidole kikawa donda ndugu, na leo hii mwenzangu anatembea kwa mguu mmoja na mkongojo. Nilipomzuru hospitalini aliniambia, "Mwalimu, nilimwamini kwa sababu alitaja jina la nyanya yangu." Nilielewa alichokuwa na maana. Kijana yule hakuuza unga peke yake. Aliuza na hamu yetu ya kurudi nyumbani.

Wajibu wetu

Tufanyeje basi? Kwa walimu, naomba somo la lishe lisiishie ubaoni. Kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, hata kiwe kidogo namna gani, chaweza kuotesha managu na mchicha wa kuliwa na wanafunzi wenyewe. Bodi za shule zinapojadili karo, zijadili pia iwapo unga unaonunuliwa ni ule ule mweupe, au kama mahindi mazima yaliyokaushwa na kupimwa unyevu yanaweza kusagwa papo hapo. Na mwalimu akimwona mtoto na mkebe wa mrenda, amsifu mbele ya wenzake.

Kwa wanafunzi, mnao uwezo msioujua. Senti mnazozitumia kantini kununulia soda na krispu zaweza kununua ndizi, njugu, au chungwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 94 katika kila 100 nchini hawali matunda na mboga kwa kiasi kinachopendekezwa. Ninyi mnaweza kuwa kizazi kitakachoibadilisha hesabu hiyo. Mkirudi nyumbani likizoni, ketini na nyanya zenu jikoni, mwandike wanavyopika, wanavyokausha na wanavyohifadhi, kwa maana elimu hiyo haimo katika vitabu vyote vya mtihani.

Na sote, tukitajiwa dawa yoyote, ya kienyeji au ya dukani, tuulize maswali matatu. Kwanza, inatibu maradhi mangapi? Inayodaiwa kutibu yote tuitilie shaka. Pili, kipimo chake ni kipi, na nani aliyekipima? Tatu, je, anayeiuza ananitaka niache dawa niliyopewa na daktari? Jibu la swali hilo la mwisho likiwa ndiyo, tushuke katika basi hilo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya jadi, na ni haki iwe hivyo. Lakini mganga wa kweli haogopi kuulizwa, wala haoni haya kumwambia mgonjwa aende hospitali.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni chakula kizima kilichotulea, nao tumeutupa kwa ajili ya msala mweupe wa kiwandani. Tuurudishe. Ila kabla ya kuulalia, tuukung'ute kwanza na kuutazama vizuri, maana hata mbacha wa nyumbani huweza kuingiwa na nge.